Noti hukaguliwa Keumbu kabla ya kufika benki

Noti ya shilingi 1,000 ikitua Keumbu haiingii mfukoni moja kwa moja. Mama aliyeketi nyuma ya mikungu yake, kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, huipokea, hupitisha kidole gumba juu ya uso wake, huilaza upande huu kisha upande ule, halafu huiinua kuelekea jua. Akiridhika anaikunja na kuifunga kwenye pindo la leso. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, na mara nyingi huifanya huku akiendelea kubishana bei na mteja wa pili. Broka aliyekuja na lori la kubeba ndizi hadi Nairobi husubiri bila kununa. Anajua kwamba mama huyo akipokea noti bandia hasara ni yake peke yake. Benki haitamlipa, polisi wataichukua noti kama ushahidi, na ndizi zitakuwa zimeshapita Sotik.

Kwa miaka mingi nimewatazama akina mama hao, na nimewatazama pia watu wachache ninaowafahamu ambao hukusanya noti kuukuu na kuzihifadhi kwenye albamu. Ukiwaangalia juujuu utasema hawana uhusiano. Mmoja anataka noti iondoke upesi igeuke mbolea na karo, mwingine anataka ikae mahali pamoja isiguswe. Lakini elimu yao ni moja. Wote wanaijua noti kama kitu cha kushikwa na kutazamwa, tena kwa undani kuliko makarani wengi. Nchi hii imewaacha wote wawili wajifundishe wenyewe, ilhali usalama wa fedha yetu ya karatasi unategemea hicho wanachokijua. Hilo naliona kuwa kosa la sera, na linaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo sana.

Tuanze na lile gumba. Karatasi ya noti si ya daftari. Hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, ndiyo sababu inastahimili jasho, mvua na kukunjwakunjwa, na ndiyo sababu ina mlio wake ikipapaswa. Sehemu muhimu za maandishi na picha huchapwa kwa sahani za chuma zilizochongwa. Wino hujazwa ndani ya mifereji ya mchongo, kisha karatasi hukandamizwa kwa nguvu kubwa mno mpaka inazama kwenye mifereji hiyo na kuunyakua wino. Ukikauka, wino hubaki umeinuka. Huo ndio mkwaruzo unaotafutwa na mama wa Keumbu anapopapasa neno KENYA na tarakimu za thamani. Mashine ya kunakili iliyo ofisini huacha wino bapa. Inaweza kuiga rangi mpaka jicho likakubali, lakini kidole kilichozoea noti halali hakikubali.

Kisha jua. Kichwa cha simba kinachotokea noti ikiinuliwa hakikuchorwa kwa wino wowote. Kilifanywa karatasi ingali rojo. Kalibu ya waya ilifinyangwa kwa umbo la simba, nyuzi za pamba zikatua nyingi hapa na chache pale, na unene huo usiolingana ndio unaozuia mwanga sehemu moja na kuupitisha sehemu nyingine. Alama ya maji, basi, ni karatasi yenyewe. Mghushi anayemchora simba kwa wino wa kijivu humpata simba anayeonekana hata noti ikiwa imelala mezani, na hapo hujifichua. Pamoja na simba huyo, kwenye noti zetu za sasa, huonekana herufi CBK na thamani ya noti.

Uzi wa usalama nao ulizaliwa vitani. Benki Kuu ya Uingereza ilianza kuutia, ukiwa wa chuma, ndani ya noti ya pauni moja mwaka 1940. Haikuwa hofu ya bure. Baadaye katika vita hivyohivyo Wajerumani waliwalazimisha wafungwa wa kambi ya Sachsenhausen kughushi pauni kwa ustadi wa kutisha, na mwaka 1943 Uingereza iliacha kutoa noti za pauni 10 na kwenda juu. Uzi tulio nao leo ni mjukuu wa ule wa chuma. Kwenye noti za Kenya za 2019 hubadilika kutoka nyekundu hadi kijani noti inapoinamishwa, na picha iliyopigwa kwa kamera au kunakiliwa kwa mashine hubaki na rangi moja tu.

Kuna kipengele kingine ambacho wengi wetu wenye macho hatukijali, nacho ndicho kinachonipa heshima kubwa kwa waliobuni noti hizi. Kandokando mwake mna mistari iliyoinuka. Noti ya 50 ina mmoja, ya 100 ina miwili, ya 200 ina mitatu, ya 500 ina minne na ya 1,000 ina mitano. Imewekwa kwa ajili ya wasioona. Mtu asiyeona anaweza kuuza njugu au ndizi mbivu stendi ya matatu akajua alichopewa bila kumuuliza mtu. Lakini faida hiyo ipo tu iwapo ameambiwa kuwa mistari ipo, na iwapo noti haijachakaa mpaka mistari ikalala.

Sasa hapo ndipo penye shida. Sokoni leo mna vizazi vitatu vya noti kwa wakati mmoja. Kuna zile za zamani za 50, 100, 200 na 500 zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, ambazo hazikufutwa mwaka 2019. Kuna za 2019 zenye jumba la KICC. Na kuna zile ambazo Benki Kuu ilitangaza Agosti 2024, zenye mchoro uleule lakini sahihi mpya za Gavana Kamau Thugge na Katibu wa Hazina Chris Kiptoo, pamoja na uzi mpya ambao rangi zake zinatofautiana kutoka thamani moja hadi nyingine. Zote ni halali. Mama aliyefunzwa na uzoefu kwamba uzi hugeuka kutoka nyekundu hadi kijani ana haki ya kushtuka akiona mwingine. Taarifa ya Benki Kuu ilitoka Nairobi kwa Kiingereza rasmi, ikasomwa na waandishi wa habari za biashara. Keumbu ilifika kama uvumi.

Wapo watakaosema haya yamepitwa na wakati kwa kuwa tangu Machi 2007 tuna M-Pesa. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi, hasa kutoka kwa vijana. Jibu langu ni kwamba ughushi haukukoma simu ilipokuja, ulihama. Matapeli hutuma ujumbe bandia unaofanana kabisa na ule wa kweli, na ujumbe hauna mkwaruzo wala simba wa kuinua juani. Mfanyabiashara akishapoteza tabia ya kukagua, hupoteza kote. Aliyezoea kuuliza noti maswali matatu ndiye pia anayefungua salio lake kabla ya kuachilia mzigo. Tena mkulima anayeshusha ndizi alfajiri bado anataka fedha mkononi, kwa sababu vibarua waliokata mikungu wanalipwa palepale.

Kuishuku fedha hapa kwetu kuna historia. Wagusii, wenyeji wa Kisii, walijua sarafu kwa njia ngumu. Mali ilikuwa ng'ombe. Baada ya majeshi ya Waingereza kuivamia nchi yao mwaka 1905 na tena 1908, kodi ya nyumba ilidaiwa kwa rupia, na vijana wakalazimika kwenda kuzitafuta kwenye mashamba ya mbali. Kisha Septemba 1914 vita vya Wazungu vikafika mlangoni. Wanajeshi wa Kijerumani walivuka mpaka, wakafika hadi mji wa Kisii na kupigana hapo na kikosi cha King's African Rifles kabla ya kurudi walikotoka.

Walikotoka, koloni yao ya Afrika Mashariki ilikuwa imezingirwa baharini na haiwezi kuletewa noti kutoka Ulaya. Kuanzia 1915 wakachapa zao wenyewe ndani ya koloni, kwa mitambo na karatasi waliyoipata, na maofisa wakazitia sahihi kwa mkono. Kufikia 1917, wakiwa wanakimbizana na adui porini, walifikia kuchapa noti kwa herufi za mpira. Hazikuwa na alama ya maji wala uzi. Kilichozilinda ni nambari, mihuri na sahihi ya mtu anayejulikana. Wakusanyaji wa dunia nzima huzipenda noti hizo kwa sababu hazifanani: karatasi hutofautiana, sahihi hutofautiana, hata herufi zimekaa upogo. Mimi huzipenda kwa sababu nyingine. Zinaonyesha noti ikiwa uchi, imebaki ahadi tupu, na mpokeaji hana budi kumtazama usoni anayempa.

Upande wetu rupia nayo ilikuwa ukingoni. Mwaka 1920 Waingereza walileta florini, na kabla watu hawajaizoea ikaja shilingi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, ndiyo iliyosimamia mabadiliko hayo, na noti zake za florini, kwa kuwa ziliishi muda mfupi sana, ni miongoni mwa noti adimu mno za ukanda huu. Rupia ilipofutwa mapema 1921 notisi ilikuwa fupi, na walioumia ni wale waliokuwa mbali na ofisi za serikali. Lishike hilo, maana litarudi.

Bodi hiyo ilidumu hadi baada ya uhuru. Mwaka 1964 ilitoa noti zisizo na sura ya Malkia, zenye jahazi likielea ziwani, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanzania. Benki Kuu ya Kenya ikaundwa mwaka 1966, na tarehe 14 Septemba mwaka huo noti za kwanza za Kenya zikaanza kutumika: za shilingi 5, 10, 20, 50 na 100. Nyuma ya ile ya 5 kuna mwanamke anachuma kahawa. Nyuma ya ile ya 10 kuna wachuma majani chai. Kwa mtu wa Kisii picha hizo mbili zina uzito wa pekee. Kahawa ilikatazwa Waafrika kwa muda mrefu ili isishindane na ya walowezi, na Gusii ilikuwa kati ya sehemu chache zilizoruhusiwa kuijaribu katika miaka ya 1930. Miaka isiyozidi 35 baadaye mchuma kahawa yuko kwenye noti ya taifa huru. Mtoto wa Nyaribari angepaswa kuishika noti hiyo mkononi darasani, si kuiona kwenye simu ya mtu.

Sura zilizofuata zina historia yake pia. Mzee Kenyatta alikufa Agosti 1978, na kuanzia 1980 noti zikaanza kutoka na sura ya Rais Moi. Noti ndogo ziligeuka sarafu za chuma mojamoja: ya 5 mwaka 1985, ya 10 mwaka 1994, ya 20 mwaka 1998. Juu kukawa kunaongezwa, 200 mwaka 1986, 500 mwaka 1988, 1,000 mwaka 1994. Msomaji aliyekuwa mtu mzima wakati wa uchaguzi wa 1992 anakumbuka noti ya 500 ikiitwa Jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa kundi la kampeni la YK'92, kwa jinsi zilivyomwagwa kwenye kampeni. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 45. Mwenye noti ya 500 ya miaka hiyo ana ushahidi wa mambo hayo mkononi, na hakuna kitabu cha historia cha shule kinachomwonyesha mwanafunzi ushahidi kama huo.

Katiba ya 2010 ilikata mjadala wa sura. Kifungu cha 231 kinasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote binafsi. Ilichukua karibu miaka tisa kukitekeleza. Noti mpya zilipozinduliwa Narok siku ya Madaraka 2019, KICC ilikuja pamoja na sanamu ya Mzee Kenyatta iliyo mbele yake, mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani kuipinga, na Mahakama Kuu ikaikataa kesi hiyo Septemba mwaka huo. Naheshimu uamuzi wa mahakama. Hata hivyo naamini wananchi waliopigia kura katiba hawakuwa wakiwazia sanamu, na kwamba nchi yenye Mlima Kenya, Turkana na mawe ya sabuni ya Tabaka haikukosa picha nyingine.

Siku hiyohiyo ya Madaraka Gavana wa wakati huo, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti zote za zamani za 1,000 zingekuwa batili kuanzia tarehe 1 Oktoba. Sababu alizotoa zilikuwa za kweli: noti bandia na fedha haramu. Machi ya mwaka huo wapelelezi walikuwa wamekuta marundo ya noti bandia ndani ya sanduku la amana la benki moja Nairobi. Kati ya noti zaidi ya milioni 217 zilizokuwa mikononi mwa watu, karibu milioni 209.7 zilirudi. Noti milioni 7.386, yaani shilingi bilioni 7.4 hivi, hazikurudi.

Hesabu hiyo ilisifiwa kama ushindi dhidi ya mafisadi. Sina shaka wapo walioogopa kueleza walikozipata. Lakini sikubali kwamba zote zilikuwa za wezi. Katika vijiji vyetu kuna wazee wanaoweka akiba chini ya godoro, ndani ya kopo la chai, au mahali ambapo hata wake zao hawapajui, na baadhi yao hufa na siri hiyo. Miezi minne ni mingi kwa mwenye akaunti mjini. Kwa bibi wa miaka 80 asiyesoma, mwenye noti tatu alizowekewa na marehemu mumewe, ni michache. Lilikuwa jambo lilelile la 1921: kipenga kilipulizwa mjini, na aliyekuwa mbali akalipa.

Nawaomba basi walio na noti hizo wasizichome. Si fedha tena, na kwa kuwa zimebaki mamilioni hazitamtajirisha mtu, lakini ni kumbukumbu. Na hapa niseme la maana kuhusu ukusanyaji, maana upotoshaji ni mwingi. Thamani ya noti kwa mkusanyaji hutokana na hali yake na uadimu wake. Noti isiyowahi kukunjwa na ile yenye mkunjo mmoja katikati zina bei tofauti kabisa. Usiipige pasi, usiioshe, usiibandike gundi ya karatasi. Iweke bapa ndani ya mfuko safi, mbali na jua na unyevu. Tazama nambari: kwenye noti nyingi za Kenya herufi ZZ mwanzoni huonyesha kwamba noti hiyo ilichapwa kuchukua nafasi ya iliyoharibika kiwandani, na wakusanyaji huitafuta. Atakayekuambia kuwa noti ya shilingi 20 ya Moi iliyotoboka ina thamani ya milioni, ila kwanza utume ada ya usajili, ni mwizi.

Jirani zetu Wakongo wana somo hapa. Rais Mobutu alipoanguka Mei 1997, noti zenye sura yake zilikuwa bado zinahitajika, na nyingine zikatobolewa sura hiyo na kuendelea kutumika na tundu. Noti moja yenye tundu hueleza mwisho wa utawala ule kwa sekunde mbili. Ipo leo kwa sababu kuna mtu aliyeiweka badala ya kuitumia.

Ninachopendekeza kwa Kaunti ya Kisii na kwa Benki Kuu si jengo jipya. Mjini Kisii tuna tawi la Maktaba ya Kitaifa. Liwekwe humo kabati la kioo lenye noti, kuanzia rupia na jahazi la 1964 hadi uzi mpya wa 2024, na taa ya kumulika alama ya maji, na noti chache za kushikwa na kupapaswa. Walimu wa Kisii na Nyamira wapeleke wanafunzi. Kabla ya mabadiliko mengine yoyote ya noti, Benki Kuu itume watu wake Keumbu, Keroka na Nyamira siku za soko, waeleze kwa Ekegusii, wapitie redio ya Egesa FM, wawape wasioona noti wazipapase. Akina mama wa ndizi wawe walimu katika mafunzo hayo, walipwe kama wakufunzi wengine, maana wamekagua noti nyingi kuliko afisa yeyote atakayetumwa.

Gharama ya kuanza naijua. Noti moja ya kila thamani iliyopo leo, kuanzia 50 hadi 1,000, jumla yake ni shilingi 1,850. Kwa fedha hizo kaunti inaweza kujaza rafu ya kwanza wiki hii. Zile za zamani zitaletwa na wenyewe kutoka masanduku ya Nyaribari, Bobasi na Kitutu, watakapoona kuna mahali zitakapoandikwa jina la aliyezitoa na kufungiwa salama.